Vigae vya Saruji na Katani Visivyopasuka Wala Kuvuja: Mwongozo Kamili kwa Wajenzi wa Tanga

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale, yatoke Pongwe, Muheza au Pangani. Mtu amechoka kubadilisha mabati yanayoliwa na chumvi ya bahari. Kasikia kwamba katani ikichanganywa na saruji hutoa kigae kizuri cha kuezekea, naye katani iko mlangoni kwake. Ananunua mfuko, anaomba mabaki ya korona, ile mashine ya kusindika mkonge, anachanganya. Baada ya wiki mbili analeta vipande. Kimoja kina ufa mwembamba kutoka pembe hadi pembe. Cha pili kina donge la nyuzi katikati, maji yanapita. Cha tatu hakijashika kabisa, ukikikwaruza kwa ukucha kinamegeka.

Kabla hujashika koleo, elewa jambo hili maana hatua zote zinalifuata: katani haibebi paa. Kazi yake ni kushikilia kigae kibichi katika saa na siku zile za mwanzo, saruji inapojikunja na kutaka kupasuka. Baada ya hapo nguvu ya kigae inatoka kwenye saruji, mchanga safi na maji ya kuloweka. Saruji ina ukali wa chokaa, na ukali huo hula taratibu ile gundi ya asili inayoshikanisha uzi wa mkonge. Kwenye hewa ya joto na unyevu kama yetu, baada ya miaka michache uzi unabaki dhaifu, unakatika kirahisi. Ndiyo sababu mwongozo huu ni wa vigae vidogo, si wa shiti refu la mita nzima. Shiti refu linategemea uzi maisha yake yote, kigae kidogo hakiutegemei.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vipimo hivi ni vya kigae cha sentimita 50 kwa 25, unene wa milimita 8. Kigae kimoja kinakula karibu lita moja ya mchanganyiko na kinakuwa na uzito wa kilo 2 hivi.

Kwa mkupuo mmoja wa vigae 17 au 18:

- Saruji kilo 10, daraja la 42.5 ukiipata. Ya 32.5 inafaa, ila inachelewa kupata nguvu.
- Mchanga mkavu uliochekechwa, kilo 25.
- Katani safi iliyokatwa, gramu 350.
- Maji yanayonyweka, lita 5 hadi 6.
- Majivu meupe ya pumba za mpunga, kilo 2, ukiamua kufuata hatua ya tatu. Hapo saruji inashuka kuwa kilo 8.

Vyombo:

- Mizani. Gramu 350 za katani huwezi kuzikadiria kwa mkono.
- Chekeche la matundu ya milimita 2 hadi 3.
- Meza ya mtikisiko: bapa la chuma lenye mota ndogo chini yake, iliyofungwa kizito upande mmoja ili itikise. Mota ya betri ya gari, volti 12, inatosha.
- Fremu ya chuma au mbao ngumu, ndani sentimita 50 kwa 25, kimo milimita 8 kamili.
- Vipande vya nailoni nzito, kimoja kwa kila kigae, vikubwa kuliko fremu kwa sentimita 5 kila upande.
- Kalibu zenye umbo la kigae, za plastiki au za zege.
- Pipa au tangi la maji, mwiko, karai, waya mwembamba usioshika kutu, glovu na barakoa.

Kalibu ndizo zinazopanga kasi ya kazi, kwa kuwa kila moja inakaa na kigae siku nzima. Paa la mita 60 za mraba linahitaji vigae 750, ongeza 50 vya kuvunjika. Ukiwa na kalibu 20 utafanya kazi siku 40. Saruji itakwenda mifuko 10, katani kilo 16 hivi. Watu wengi wanashangaa katani kuwa kidogo namna hiyo, na mshangao huo ndio unaowafanya waongeze mpaka waharibu.

## Hatua ya 1: Andaa katani

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo soma polepole.

Chagua. Huna haja ya singa ndefu za daraja la juu zinazokwenda kwenye kamba na mazulia. Nyuzi fupi zinazobaki baada ya kupiga brashi ni rahisi na zinafaa kabisa, kwa kuwa utazikata hata hivyo. Ukizunguka Korogwe, Hale au Muheza kwenye mashamba yenye korona, uliza nyuzi fupi kavu. Usichukue mabaki mabichi ya kijani yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine. Hayo yamejaa utomvu na nyama ya jani.

Osha. Utomvu wa mkonge una sukari, na sukari huizuia saruji isishike. Kile kigae kinachomegeka kwa ukucha wiki mbili baada ya kumiminwa, mara nyingi kimeharibiwa na hiki. Loweka katani kwenye maji safi usiku kucha, ikamue, badilisha maji, rudia mpaka maji yatoke bila rangi ya kijani wala povu. Kisha anika juani hadi ikauke kabisa. Utajua imefika pale uzi unapokuwa mweupe unaoelekea manjano na hauna harufu ya uchachu.

Kata. Urefu unaofaa ni milimita 15 hadi 25, yaani karibu upana wa kidole gumba. Uzi mrefu kuliko hapo unajisokota na wenzake. Mfupi kuliko sentimita moja haushiki pande mbili za ufa. Funga katani fungu dogo kwa mpira, weka juu ya gogo, kata kwa panga kali au shoka. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha koo.

Chambua. Hii hatua ndogo watu wanairuka. Chukua katani iliyokatwa kiganja kimoja kimoja, isugue kati ya viganja mpaka vifungu vifunguke na kila uzi ujitenge. Ukiinua kiganja na kuiachia, nyuzi zidondoke moja moja. Zikidondoka kama kibonge, endelea kusugua. Donge utakaloliacha hapa hutaliondoa tena kwenye saruji.

Baada ya kupima gramu 350 zikiwa kavu, zinyunyizie maji na uzikamue. Ziwe na unyevu lakini zisidondoshe. Katani kavu inanyonya maji ya saruji, ukaona mchanganyiko unakauka mikononi na kushawishika kuongeza maji.

## Hatua ya 2: Andaa mchanga

Usitumie mchanga wa pwani, hata kama umeachwa kwenye mvua. Chumvi inakula waya wa kufungia kigae na kuleta madoa meupe yasiyoisha. Nunua mchanga wa mto au wa shimo kwa muuzaji mwenye kibali.

Upime matope kwanza. Jaza chupa ya maji ya nusu lita mchanga hadi theluthi moja, ongeza maji karibu kujaa na chumvi kidogo ya kusaidia matope kutua, tikisa sana, acha saa moja. Mchanga unakaa chini, matope yanatanda juu yake. Tabaka la matope likiwa nyembamba sana, kama sehemu moja ya ishirini ya kina cha mchanga, uko salama. Likizidi hapo, osha mchanga au tafuta mwingine. Matope yanaizunguka chembe ya mchanga na saruji inakosa pa kushika.

Kisha chekecha. Punje moja ya milimita 6 kwenye kigae cha milimita 8 ni njia ya maji kupita. Lakini mchanga usiwe vumbi tupu pia. Unaotakiwa una punje za ukubwa mbalimbali, ukiusugua kwenye vidole uhisi mikwaruzo.

## Hatua ya 3: Majivu ya pumba za mpunga

Unaweza kuruka hatua hii na bado ukapata kigae kinachofaa. Mimi siiruki, na sababu ni ule ukali wa chokaa niliousema mwanzo. Majivu mazuri ya pumba yana silika, na silika inaungana na chokaa inayobaki saruji inaposhika. Ukali unapungua, katani inaishi muda mrefu zaidi, na kigae kinaziba vitundu vyake vya ndani. Pumba zinapatikana kwenye mashine za kukoboa Korogwe na Mombo, mara nyingi zimerundikwa nje.

Choma polepole, bila moto mkali. Joto likipita nyuzijoto 700 za Selsiasi hivi, silika inabadilika na haifanyi kazi tena. Rundika pumba kwenye pipa lililotobolewa pembeni, washa, acha zifuke zenyewe. Majivu yakitoka ya kijivu kinachoelekea weupe ni mazuri. Meusi bado yana mkaa. Yenye rangi ya waridi yamepata joto kupita kiasi.

Yasage kwenye kinu au mashine mpaka yawe laini kama saruji yenyewe. Majivu yasiyosagwa hayana faida yoyote. Barakoa ni lazima hapa, vumbi la silika linaharibu mapafu.

Badilisha kilo 2 tu katika kila kilo 10 za saruji. Nguvu itapanda taratibu zaidi, kwa hiyo siku za kuloweka nazo zitaongezeka.

## Hatua ya 4: Changanya

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha:

1. Changanya saruji, majivu na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja.
2. Ongeza karibu robo tatu ya maji, geuza mpaka upate uji mzito ulio sawa.
3. Nyunyiza katani kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mwenzako anageuza kwa koleo. Gramu 350 zichukue dakika 5 au zaidi kuingia.
4. Malizia maji yaliyobaki kwa kutazama, si kwa kumwaga yote.

Ukitia katani kwenye mchanganyiko mkavu inajikusanya pembeni. Ukiimwaga yote mara moja inakuwa madonge. Mashine ya zege ya kuzunguka nayo inaisokota, na kwa kiasi hiki mikono ni bora.

Utajua mchanganyiko uko tayari hivi: chukua kiganja, ufinye. Ushikamane, uache unyevu kwenye glovu, lakini maji yasichuruzike kati ya vidole. Kisha uvunje kwa vidole gumba viwili. Nyuzi zionekane zimetawanyika kila upande, kila moja imepakwa saruji. Uzi mweupe usioguswa na saruji maana yake hujageuza vya kutosha.

Onyo: hamu ya kuongeza maji ili mchanganyiko uteleze vizuri mezani ndiyo inayozaa vigae vinavyovuja. Kila tone la ziada likikauka linaacha tundu. Ukiona unashika vibaya, ongeza muda wa mtikisiko badala ya maji. Na usizidishe katani kwa kudhani unaongeza nguvu. Ikipita asilimia 2 ya uzito wa vitu vikavu, saruji haiwezi kuifunika yote.

Andaa tu kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kushika usiufufue kwa maji.

## Hatua ya 5: Mimina mezani

Tandaza nailoni juu ya meza, isiwe na kunjo. Shusha fremu. Weka mchanganyiko katikati, washa mtikisiko, usambaze kwa mwiko kuelekea pembeni. Sekunde 30 hadi 45 zinatosha. Mapovu yakiacha kutokea na uso ukaanza kung'aa, zima. Ukiendelea, mchanga unazama na maji yanapanda juu.

Sawazisha kwa mwiko kufuata kingo za fremu. Uzi ukichomoza juu, ulaze kwa ubapa wa mwiko, usiuvute. Ukiuvuta unaacha mfereji.

Kwenye ukingo wa kigae utakaoelekea juu paani, weka nundu ndogo ya mchanganyiko itakayoshika kwenye papi, yaani mbao nyembamba za paa zinazobeba vigae, na ndani yake uzamishe kitanzi cha waya. Ukiwa karibu na bahari, tuseme Raskazone, Sahare au Tongoni, tumia waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya kuukuu za umeme. Waya wa chuma utakuacha mapema.

## Hatua ya 6: Hamishia kwenye kalibu

Inua fremu. Shika nailoni kwa mikono miwili na *uivute kwa kuiteleza* juu ya kalibu, usiinyanyue hewani. Kigae kibichi kikining'inia hata kidogo, kinakuwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na ufa utatokea pale pembamba. Kiache kijilaze chenyewe kwenye mkunjo wa kalibu. Hakikisha kingo zake ziko sambamba na alama za kalibu, la sivyo vigae havitalaliana vizuri juu ya paa.

Panga kalibu moja juu ya nyingine ili zifunikane, funika lundo lote kwa turubai au nailoni. Kivulini, pasipo upepo.

Hili la upepo ni zito kwetu kuliko kwa watu wa bara. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa mchana unanyonya maji kwenye uso wa kigae kabla saruji haijashika. Ule ufa mwembamba wa pembe hadi pembe ndio huo. Katika miezi hiyo anza kumimina alfajiri na ufunge kazi kabla ya saa nne asubuhi.

## Hatua ya 7: Maji, maji, maji

Baada ya saa 24 toa kigae kwenye kalibu. Bandua nailoni taratibu kuanzia pembeni. Upande uliogusa nailoni utoke laini na unaong'aa. Ukiona vitundu vingi, ongeza muda wa mtikisiko kesho.

Kizamishe kwenye tangi, kikiwa kimesimama wima, kwa siku 7. Ukitumia majivu, siku 14. Usibadilishe maji ya tangi. Yataanza kuwa na utelezi wa chokaa, na huo unazuia chokaa ya kigae isitoke. Hayo maji yanachubua ngozi, vaa glovu na uwaweke watoto mbali.

Hii ndiyo hatua watu wanayoikata wanapotaka kuwahi masika. Saruji haishiki kwa kukauka, inashika kwa kunywa maji. Kigae kilichoanikwa juani siku ya pili kitaonekana kigumu, lakini kitakosa sehemu kubwa ya nguvu yake. Kumwagia ndoo mara mbili kwa siku si badala ya tangi, kwa kuwa kigae ni chembamba na kinakauka ndani ya saa chache.

Kikitoka kwenye maji, kipange wima kivulini mpaka kitimize siku 28 tangu kimiminwe.

## Hatua ya 8: Pima kabla ya kupandisha

Chukua vigae 3 kutoka kila kundi la 100 na uvifanyie majaribio haya.

Mlio. Kishike kwa vidole viwili, kigonge kwa fundo la kidole. Kizuri kinalia kwa sauti kali. Kikitoa sauti ya kufa, kina ufa usioonekana au hakijashika.

Maji. Jengea ukingo wa udongo mgongoni mwake, jaza maji, acha siku moja. Chini kukiwa na unyevu tu, kimefaulu. Tone likidondoka, kimeshindwa.

Uzito. Kilaze juu ya papi mbili zilizoachana sentimita 35. Weka ubao katikati, ning'iniza ndoo chini yake, ujaze mchanga polepole. Ninalenga kilo 50 kwa kigae cha milimita 8. Kikivunjika mapema, tazama pale kilipovunjikia: utakuta donge la katani, punje kubwa au pembamba, na hapo utajua hatua ya kurudia.

Kimoja kati ya 3 kikishindwa, pima 10 zaidi. Usipandishe kundi hilo kwa kuombea heri.

## Hatua ya 9: Ezeka

Vigae hivi vinaingia 12 hadi 13 kwa mita ya mraba, uzito wa kilo 25 hivi. Bati la geji 30 halifiki hata kilo 4. Kwa hiyo usivipandishe kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilizojengwa kwa ajili ya bati bila fundi seremala kuzikagua na kuziongezea nguvu.

Mteremko ndio unaotoa maji. Kwa kila mita moja ya kwenda ndani, paa lipande angalau sentimita 50. Mvua za masika zinakuja na upepo, nami napendelea 58. Paa lililolala, hata la kigae bora, litavuja kwenye maungio.

Papi ziachane sentimita 40 kamili, na ukate kipimo cha mbao cha kuzipangia badala ya kutumia futi kila mara. Papi ikipinda, kigae kinakaa kwa pembe mbili na kitapasuka fundi akikikanyaga. Anza chini kwenda juu. Lalia la pembeni liupe mgongo upepo unaoleta mvua. Funga waya kila kigae kwenye mstari wa kwanza, wa mwisho na kandokando ya paa, na katikati funga kimoja baada ya kila viwili. Kofia za juu zijengee kwa mchanganyiko uleule wa katani.

Ukitembea juu, kanyaga pale kigae kinapolalia papi, au weka ubao.

Kwa anayeanza, usikimbilie nyumba. Ezeka jiko la nje au banda la kuku kwanza, mita 6 za mraba, vigae 75 na vichache vya akiba. Liache lipite vuli nzima na kaskazi nzima, kisha panda na ngazi ukakague kigae kimoja kimoja kwa kugonga.